Kila Mtu na Kipande Chake

Bisha basi, bisha uone, katika ukoo wetu mzima nani amewahi kuitwa shuleni akavutiwa kiti na mwalimu, akaambiwa karibu ndugu mlezi, keti hapa... si baba, baba hakujua hata mlango wa shule unafungukia upande gani, ni mimi, mimi niliyeacha masomo na kaptula ya shule bado inanitosha, leo mlezi, na kama huamini njoo unione nilivyojikunja kwenye kiti hiki cha mtoto, magoti yanakaribia masikio, chuma chembamba hiki, nimepitisha kidole chini yake nikamjua fundi wake, alikuwa na haraka, kiungo hakijashika, amepaka rangi juu ya aibu yake akaenda zake, kingekuwa changu mimi ungempandisha tembo na shemeji zake wote... na mwalimu anaongea, mwalimu wa sayansi, mdogo wa umbo, chaki imemkaa kwenye kiwiko, sauti ya chini kama anaogopa kumwamsha mtu, darasa tupu, madawati yameunganishwa makundi makundi kama visiwa, na mbele yangu ameweka daraja la magazeti, naam, magazeti, yameviringishwa yakawa vijiti, vijiti vikagandishwa kwa gundi, urefu wake kama mkono wangu, limeshika meza huku na meza kule, katikati hakuna kitu, "hili ndilo daraja la kikundi cha dada yako," anasema, "lilibeba matofali, mlezi, sikuamini macho yangu," na mimi natabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, maana mtu anayechomelea mageti ya watu wenye magari huwezi kumwekea karatasi mbele ukategemea apige makofi, na nyuma yangu, karibu na mlango, najua bila kugeuka, amesimama mdogo wangu, Kijiti, tumemwita hivyo tangu anatambaa, begi kalikumbatia kifuani, kasimama kwa mguu mmoja, wa pili anaukwaruzia ule wa kwanza, ndivyo anavyosimama akiogopa, na sijui anaogopa nini, mimi si nipo... "zamani nilikuwa nakosea," anasema mwalimu, na hapo natega sikio, maana mwalimu kukiri kosa si kitu cha kusikia kila siku, wetu sisi walikuwa wakikosea wao tunachapwa sisi, "nilikuwa nawaambia watoto, haya, jigaweni wenyewe, basi marafiki wanachaguana, wenye akili wanachaguana, waliobaki wanarundikana pale mlangoni, hakuna anayewataka, nao ndio kikundi, halafu kazi yote anaifanya mmoja, wengine wanaandika majina, nasahihisha jasho la mtoto mmoja, nagawa alama kwa watoto watano," na mimi natikisa kichwa, naam, naam, kumbe wameanza kuamka, maana mimi nilikuwa wa mlangoni pale, nilikuwa mwenyekiti wa mlangoni, ukitaka kujua...

"Sasa nawagawa mimi," anasema, "na kila mmoja ana kipande chake, huyu vipimo, huyu gundi, huyu mzigo, huyu miguu, wanajenga pamoja lakini siku ya kusimama mbele kila mtu anaeleza kipande chake yeye mwenyewe, hakuna wa kumsemea mwenzake, nusu ya alama za kikundi, nusu za mtu, mmoja akikosekana pale pana shimo na kila mtu analiona," anasema na kidole chake kinazunguka hewani kama kinalichora hilo shimo, "na asiyefanya kitu namwita abiria," nikacheka, nimecheka kwa sauti, abiria! neno zuri hilo, nalichukua, nampelekea yule jamaa wa karakana yetu, yeye kazi yake kushika ncha ya bomba kwa vidole viwili huku anatazama wapita njia, cheche zikiruka anaruka nazo, lakini geti likiisha huyo wa kwanza kujipiga nalo picha, "nimelichomelea hili, jamani," umechomelea wapi, baba, umechomelewa wewe... mwalimu amecheka kidogo, Kijiti hakucheka, nimesikia tu mguu ule unakwaruza. Daraja lenyewe nalijua, limezaliwa nyumbani kwetu, jioni zile narudi kazini ndevu zimejaa vumbi la chuma namkuta sakafuni kando ya kitanda cha mama, magazeti yametapakaa, na mama pale juu, mama ambaye kiharusi kimemlaza tangu mvua za mwaka jana, amelala ubavu, mkono wake ule mzima ameushusha, kidole kimoja kimekandamiza ukingo wa gazeti ili Kijiti aviringishe, na akimaliza kimoja mama anainua kidole, Kijiti anateleza na gazeti jingine, mama anashusha, hawasemi kitu, mashine nzuri kabisa, nikasimama mlangoni nikawaambia, "hilo daraja hata sisimizi atalikataa, atasema bora nizunguke," mama akacheka kwa nusu ya mdomo, Kijiti akasema, "kaka, nenda kaoge, unanuka bomba," nikamwambia, "sikiliza, nakupa siri, nakutilia nondo nyembamba humo ndani ya karatasi, moja tu, hakuna mwalimu aliyezaliwa atakayeijua, wenzako wataweka matofali, wewe utampandisha mwalimu mkuu mwenyewe," akanitazama kama mtu anayemtazama mlevi mwema, akasema, "ukitia chuma litakuwa daraja lako, kaka," na mimi, "basi si bora langu lisimame," na yeye, "langu litasimama, nimepewa miguu mimi, miguu ikikaa pembetatu haiendi popote, mraba unalala ukisukumwa, pembetatu hailali," akamwonyesha mama kwa vidole, mama akawa anaangalia vidole vile kana kwamba... na mimi nikaenda kuoga, nikala, nikatoka, kijiwe kilikuwa kinanisubiri, kuna hadithi ilikuwa haijaisha.

"Siku yenyewe," anasema mwalimu, na sauti imeshuka tena, sasa kweli nalazimika kuinama na kiti kinalia, "kikundi chao kilikuwa kimesimama pale, kiongozi wao alikuwa anaeleza vipimo, nikaona mama mmoja dirishani anapunga mkono," najua, mama wa mlango wa pili, jirani yetu, mwanamke wa sauti, hajawahi kunong'ona tangu abatizwe, "akasema kwa nguvu, darasa zima likasikia, Kijiti, njoo nyumbani, mama yako analia huko ndani na mlango umefungwa na hakuna mtu, na dada yako akatoka, hakuomba ruhusa, alikuwa na gundi mikononi, akatoka hivyo hivyo, na hakurudi," na mimi namwona, si kwamba nilikuwepo, lakini namwona, anakimbia na vidole vimegandana, barabara ile ya mawe, begi ameliacha, "ikafika zamu ya miguu," anasema mwalimu, "nikauliza, miguu ni ya nani, kuna mtoto mmoja kwenye kikundi kile hajawahi kufungua mdomo darasani tangu mwaka uanze, wenzake wanamwita Bwana Shikamoo kwa sababu ndilo neno pekee walilowahi kumsikia nalo, huyo huyo akanyoosha mkono, akasema, mwalimu, ninaijua, alinifundisha, nikamwambia keti, si kipande chako," hapo akapangusa chaki kwenye kiwiko, chaki ikahamia kwenye vidole, "kanuni ni yangu mwenyewe, niliiweka ili abiria wasipate pa kujificha, na siku ile ikamwangukia asiye abiria, mpaka leo sijui kama nilifanya sawa," na mimi nikataka kumwambia mwalimu, usijali, sisi kwenye karakana kanuni zetu zinatuunguza kila siku, lakini anaendelea, anasema kikundi kimekasirika, kiongozi wao, kijana mmoja ana sauti ya mzee, alimwambia Kijiti mbele ya watu, "wewe ndiye uliyetuzamisha, sisi tutajenga wanne, wewe nenda kamlee mama yako," na nikageuka sasa, nikamtazama Kijiti, hakuniambia hilo, huyo mwenye sauti ya mzee anakaa mtaa gani, nimfuate nimwonyeshe wazee wanavyozungumza, na Kijiti akatikisa kichwa kidogo tu, usithubutu, nikageuka tena. "Nimewapa nafasi nyingine," anasema mwalimu, "daraja jipya, watano wote, jioni baada ya masomo mpaka muhula uishe, nimewaeleza, wamekubali, shingo upande lakini wamekubali, ila nimewaambia nikikuta kiti kitupu hata jioni moja basi, safari hii sina pa kumweka dada yako, na bila alama hizi hapandi darasa, mlezi, na unajua shule yetu hairudishi mtu darasa lile lile, asiyepanda anatafuta pa kwenda," ndiyo, najua, asiyepanda anatafuta pa kwenda, mimi nilipata pa kwenda, nilipata kona ya karakana na ndoo ya kukalia, lakini yeye, na mikono ile, vidole vile vinavyotengeneza pembetatu... "kwa hiyo leo nataka jibu moja tu kutoka kwako," anasema, na ameegemea mbele, macho yake hayana hasira hata chembe, bora yangekuwa nayo, "jioni hizi zote, nani atabaki na mama?"

Nani atabaki na mama, swali gani hilo, jepesi, jibu lipo, mimi ndiye kichwa cha nyumba ile, chakula mimi, dawa mimi, sabuni mimi, bati likivuja napanda mimi, usiniulize mimi maswali ya abiria, mimi dereva... nitapanga, ndivyo nitakavyosema, nitapanga mwalimu, usiwe na wasiwasi, na sauti niitoe kifuani, na mwalimu anangoja na mkono wake umelala karibu na daraja lile, na nyumbani, hebu ngoja, nyumbani sisi wangapi, watatu, kikundi cha watatu, kipande changu mimi ni kuleta, naleta, naweka mezani, kisha, kumgeuza mama asipate vidonda ni cha nani, cha Kijiti, kumlisha, Kijiti, kumwosha, kufua mashuka, kumfungulia dirisha jua likihama, Kijiti, Kijiti, dawa naleta mimi lakini anayejua ipi kabla ya kula na ipi baada... mwalimu huyu angekuja kwetu, akasimama pale kitandani akaniambia, haya, ndugu mlezi, eleza kipande chako, mama analalia ubavu gani, ningesema ubavu wa, wa kushoto, hapana, upande uliokufa ni upi, nikisimama mlangoni uko huku, kwa hiyo kwake yeye ni... sijui, haki ya Mungu sijui, mama yangu wa kunizaa sijui upande wake uliokufa ni upi, kwa sababu namwona nikiwa mlangoni tu, mlangoni pale pale, lakini ngoja, mimi ni mtoto wa kiume, elewa hapo, mtoto wa kiume atamvuaje mama yake nguo, atamwoshaje, haiwezekani, hata mama mwenyewe angegeuza uso, kila mtu nimemweleza hivyo na kila mtu amekubali, kijiweni wamekubali, mama wa mlango wa pili amekubali, amesema kweli mwanangu si kazi yako hiyo, tuna bahati Kijiti yupo, bahati, tuna bahati... na hapo Kijiti anaongea, mara ya kwanza tangu tuingie, sauti nyembamba inatoka nyuma ya begi, "mwalimu, kaka yangu ana kazi nyingi sana, hata siku ile alikuwa kazini, ndiyo maana hakukuwa na mtu," na mwalimu anasema, "najua, binti, uliniambia," kwa upole, na mimi shingo yangu haigeuki, kiungo kimeshika, sigeuki, kwa sababu nikigeuka nitamwona usoni, na usoni kwake hakutakuwa na kitu, hicho ndicho kinachonimaliza, hajawahi kunionyesha kitu, amelisema lile neno kama mtu anayeweka sahani mezani, alikuwa kazini, na mwalimu amelipokea, na sasa ni langu, ninaweza kutoka nalo hapa nikaenda zangu, jibu limeshatengenezwa, kaka ana kazi nyingi, hakuna wa kubaki, samahani mwalimu, na Kijiti atabaki nyumbani na daraja litajengwa na wanne, na hakuna atakayenilaumu, hata yeye, atafunga mdomo wake na atamgeuza mama saa ikifika, mpaka lini, mpaka awe mtu mzima, mpaka mama... na mwalimu bado anangoja, chaki kwenye vidole, nje mtu anafagia, ufagio unakwenda na kurudi.

Sikuwa kazini. Haya, nimelisema, humu kichwani lakini nimelisema, siku ile umeme ulikatika karakana, mashine zikazima, nikarudi nyumbani, Kijiti alikuwa ameniachia chakula amekifunika, nikaketi chumba cha mbele nikala, taratibu, na mama akaita, akamwita Kijiti, nikajiambia hakuniita mimi, akaita tena, akasema maji, na hilo ndilo ninalolirukaga kila ninapoisimulia siku hiyo, maji, hakutaka kuvuliwa wala kuoshwa, hakuna kitu cha mtoto wa kike pale, kikombe kilikuwa kwenye kiti, nilikuwa nakiona kutoka nilipokaa, mlango wazi tu kati yetu, kilikuwa kimesogea nje ya mkono wake, kazi ya kukisogeza ni ya mtu yeyote mwenye mkono, na mimi nilikaa, nikaacha kutafuna ili nisisikike, kwa sababu akijua nipo ataniangalia, na jicho lake lile moja linalofuata mtu... nikasikia kitanda, nikasikia anajivuta, nikasikia ameanguka, si kwa kishindo, kama mzigo wa nguo, nikasimama na sikwenda, nilikwenda upande wa mlango wa nje, nikatoka, nikaufunga kwa ufunguo, polepole, mimi ndiye niliyeufunga, hakukuwa na mwingine, Kijiti alipofika na gundi zake akafungua kwa ufunguo wake, akamkuta mama sakafuni na kwenye meza akaikuta sahani ya nusu chakula, akaifunika, jioni akaniletea ile ile, akaniwekea mbele, nikaimaliza, mbele yake, nikaimaliza yote, na hata hilo si lenyewe, ninazunguka, lenyewe ni kwamba kabla sijageuza ufunguo mama alikuwa ameacha kumwita Kijiti, alikuwa amesikia hatua, alijua ni za nani, mdomo ule ambao maneno yote yanatoka humo yamevunjika, hata maji ni kukisia tu, ulinitamka mimi, si jina la utani wanaloniita karakana, lile alilonipa yeye, zima, kila herufi mahali pake, mara moja tu, bila kulalamika, kama mtu anayehakikisha ni nani aliyepo, na mimi sikuitika.